Mato au macho? Tahajia za lahaja na za mitaani katika nyimbo, vibonzo na simu

Msikilizaji aliyeko Muscat, Leicester au Minneapolis huenda amekwisha kupokea ujumbe wa simu kutoka kwa mpwa wake wa Dar es Salaam usemao "cjui 2taonana lini", akadhani kuwa simu yake imeharibika. Simu ni nzima. Herufi c imesimama mahali pa "si" kwa kuwa ndivyo Waingereza waitamkavyo, na tarakimu 2 imekuwa "tu" kwa sababu hiyo hiyo. Kwa njia hiyo mtu huwa "m2" na watu huwa "wa2". Mtindo huo ulikuzwa na ujumbe mfupi wa simu, uliokuwa na nafasi ya herufi 160 tu. Zikizidi, mtumaji hulipia jumbe mbili.

Wazee wengi huutia mtindo huo katika kapu moja na Sheng ya Nairobi, na hata na lahaja za pwani, kisha wakasema kuwa yote ni kuharibu lugha. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na anayeumia zaidi yanapochanganywa ni mwenye lahaja.

Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja ya vitabu vya shule vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ni kinaya kwamba Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe, kiliachwa kando kikiwa nyumbani kwake.

Pale ambapo Mwunguja husema macho, nchi, mchele, njia na njaa, Mmvita husema mato, nti, mtele, ndia na ndaa. Hapana ubabaishaji hapo. Katika maneno hayo ch ya Unguja hulingana na t ya Mvita, na nj hulingana na nd, kwa utaratibu unaofuatika. (Mgeni akiitwa "ndoo!" huko Mombasa, asiende kutafuta chombo cha maji, ameambiwa aje.) Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi yake kwa lugha hiyo. Abdilatif Abdalla aliitumia pia katika "Sauti ya Dhiki", diwani aliyoiandika kwa siri akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, ikachapishwa mwaka 1973.

Lahaja hiyo ilivuka bahari pia kwa njia ya taarab. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba tungo nyingi za mshairi Ahmad Nassir, na wapenzi wake wako Ghuba kama walivyo Mombasa. Tatizo huanza shabiki mwema anapoketi kunakili maneno ya wimbo ili wengine wayasome. Husikia "mato", akaandika "macho", akiamini amesahihisha. Mizani haikuharibika, kwani maneno yote mawili yana silabi mbili. Lakini ikiwa kina cha ubeti ni "to", shairi limevunjika, na msomaji atadhani kuwa malenga ndiye aliyeshindwa kutunga. Kwa maoni yangu, usahihishaji wa namna hiyo huharibu zaidi kuliko "m2" na "wa2" zote za vijana.

Mtoto wa Mombasa aandikaye "nti" katika insha ya mtihani hukatwa alama, na hilo laeleweka, maana mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Jambo lisiloeleweka ni kumwambia kwamba neno hilo si Kiswahili, ilhali ndilo alilolisikia kwa nyanya yake.

Sheng ni habari nyingine. Yenyewe haina kamati wala kamusi yenye mamlaka, nayo hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Hata hivyo tahajia yake husema mengi. Matatu, gari la abiria lililopata jina kutokana na nauli ya mapeni matatu, vijana waliligeuza kuwa "mathree", na wengine huandika "ma3" tu. Anayesoma "mathree" kwa kanuni za Kiswahili atakosea, kwa sababu sehemu ya kwanza ni ngeli yetu na sehemu ya pili ni hesabu ya Kiingereza. Jarida la vibonzo "Shujaaz", lililoanza Kenya mwaka 2010, lilifanya kinyume chake: likaacha kiambishi "ma-" cha mashujaa, likabandika z mwishoni, wingi wa Kiingereza ulioandikwa kimtaani. Naye mwanamuziki wa genge Jua Cali alitia C mahali pa K ili jina libebe anwani: mtaa wa California, Eastlands, Nairobi. Ukilisahihisha liwe "Jua Kali", umemhamisha mtu kwao.

Tukienda mbali zaidi na pwani, twakuta mfano wa Lubumbashi, Kongo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani wa majumbani, kwa Kiswahili cha huko, bila kufuata tahajia sanifu wala mipaka ya kawaida ya maneno. Mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian, aliyeichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990, aliona kuwa kuitazama karatasini hakutoshi. Ilibidi mzungumzaji wa Kiswahili hicho aisome kwa sauti, na hapo maneno yaliyogandamana yakaanza kuachana.