Kamio inatetemeka kisha kuvalishwa tairi mpya: anza na nati, si na balansi



Koperative nyingi za kakao na za kahawa huku kwetu ziko na kamio moja tu, ya wote. Mavuno yakikaribia, komite inakaa, inahesabu, inakubali kutoa feza za tairi mpya. Wakati mwingine janti nazo zinabadilishwa. Halafu safari ya kwanza, Butembo kwenda Beni, shofere anarudi na habari: « Kamio inatikisika. Mbele haikukuwa vile. » Mweka hazina anashika kichwa. Fundi mmoja anasema ni balansi, mwingine anasema tairi ni mubaya, muuzaji anasema barabara njo mubaya. Kila mmoja anataka kidogo cha pesa.

Makala hii ni ya kusaidia komite, shofere na konvoyeri kutafuta sababu kwa utaratibu, wakianza na ile ambayo haiombi pesa na ambayo ndiyo ya hatari kuliko zote.

Kwanza tuelewe kwa nini malalamiko haya yanazidi siku hizi. Kwenye udongo, kamio iliyojaa haivuki sana kilomita 25 au 30 kwa saa, na kila kitu kinatikisika, hata meno ya shofere. Gurudumu lililofungwa vibaya linajificha humo. Lakini mwezi wa 6 mwaka 2021 Kongo na Uganda walizindua kazi za barabara za Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54. Mahali lami imepita, kamio inafika 60 au 70. Na anayevuka Mpondwe kwenda Kasese anatembea kwenye lami moja kwa moja. Hapo ndipo kasoro ambayo pengine ilikuwapo tangu siku ya kufunga inatoka nje.

Sasa, mtetemeko unaoanza siku ileile magurudumu yalipobadilishwa usiuchukue kama usumbufu wa kiti. Uchukue kama nati zimelegea, mpaka umehakikisha kwa mkono wako kwamba hazikulegea. Gurudumu la tairi 10.00-20 pamoja na janti lina karibu kilo mia. Likichomoka kwenye mteremko, halichagui nani anapita na chikudu au nani anauza ndizi kando ya njia. Na kamio yenyewe itabaki hapo ilipoangukia, na mzigo wake, labda usiku, kwenye barabara ambayo watu wake wamejua maana ya kungoja msafara wa askari kabla ya kupita. Kwa hiyo: simama pazuri, zima moto, weka mawe kwenye magurudumu, chukua ufunguo.

Nati zinalegea kwa nini wakati fundi alizikaza mpaka akatoa jasho? Kwa sababu kati ya janti na kitovu cha gurudumu kulikuwa na kitu. Rangi nene ya janti mpya, kutu, udongo mkavu, hata kipande cha jani. Kamio ikitembea na mzigo, kile kitu kinasagika, kinapungua unene, na buloni inapoteza mvuto wake. Nati haikuzunguka hata kidogo, lakini haishiki tena. Ndiyo maana watengenezaji wa kamio wanaomba nati zikazwe tena kisha kilomita 50 hivi hadi 100 za kwanza. Kwetu hesabu ni rahisi: ukifunga magurudumu Butembo, unakaza tena ukifika Beni, kabla ya kushusha hata gunia moja. Ukifunga Beni, unakaza ukifika Kasindi, kabla ya kupanga mstari wa duane.

Na njia ya kuzuia ni burashi ya waya. Kabla ya kupandisha janti, sugua uso wa kitovu na uso wa janti mpaka chuma kionekane, ondoa rangi iliyojikusanya kuzunguka matundu. Dakika kumi kwa gurudumu.

Kuna jambo moja la kamio za Japani za zamani, Fuso na Isuzu, ambalo linaangusha watu wengi, na nitakaa hapo kidogo. Nyuma, ambako tairi zinakaa mbili mbili, kila buloni iko na nati mbili: ya ndani yenye kichwa kidogo cha pembe nne, inayoshika gurudumu la ndani, na ya nje, inayofunika ile ya kwanza na kushika gurudumu la nje. Fundi akikaza ya nje peke yake, anaona ni ngumu, anasema « iko sawa ». Lakini ya ndani inaweza kuwa imelegea kabisa, na huwezi kujua kwa kukaza ya nje. Ili kukaza ya ndani, lazima ulegeze kwanza ya nje. Fanya hivi: legeza nati za nje moja ndiyo moja hapana, kaza za ndani zilizo chini yake, rudisha za nje na kuzikaza. Kisha fanya zilizobaki. Usilegeze za nje zote kwa mara moja. Tena ujue kwamba kwenye kamio hizo za zamani, magurudumu ya upande wa kushoto yana uzi wa kinyume. Buloni zimeandikwa L kwa kushoto na R kwa kulia. Kijana asiyejua anasimama juu ya ufunguo, anadhani anakaza, kumbe analegeza, ao anakata buloni.

Kukaza kiasi gani? Kwa kamio kubwa zenye buloni 10 za milimita 22 na nati bapa, kipimo cha kawaida kiko karibu na niutoni-mita 600. Kamio ndogo zinaomba chini ya hapo, soma kitabu chake. Kama hamuna ufunguo wa kupima, hesabu hii inasaidia: mtu wa kilo 75 akiweka uzito wake wote kwenye bomba, sentimita 80 kutoka kwenye nati, analeta karibu niutoni-mita 600. Mtu mmoja, bomba fupi. Sasa angalia kinachofanyika garajini: watu wawili wanarukaruka kwenye bomba la mita moja na nusu. Hiyo inavuka mara tatu. Buloni inavutika kama mpira uliochoka, na siku moja inakatika, halafu jirani yake. Kaza kwa kuvuka upande wa pili, nati moja juu, inayofuata chini, si kwa kuzunguka.

Nati zikiwa sawa na kamio bado inatetemeka, uliza swali la pili: janti hizi mpya ni za kamio hii kweli? Kuwa na matundu 10 yanayoingia kwenye buloni 10 hakutoshi. Kuna janti zinazojiweka katikati kwa tundu lao kubwa, ambalo linakaa barabara juu ya kitovu. Ndizo za kamio nyingi za sasa za Ulaya na za Kichina kama HOWO, zenye matundu 10 kwenye duara la milimita 335 na tundu la katikati la milimita 281. Nati zake ni bapa na zina washa inayozunguka. Na kuna janti za mtindo wa zamani zinazojiweka katikati kwa buloni: matundu yake yamechongwa kama bakuli, na nati zake zina uso wa mviringo unaoingia kwenye bakuli hilo. Kwenye kamio za zamani za Ulaya, hizi nazo zinaweza kuwa na matundu 10 kwenye duara lilelile la 335. Unaona hatari yake: janti inaingia, fundi anafurahi. Lakini ukiweka nati bapa kwenye janti ya bakuli, hakuna kinachoivuta katikati. Inakaa milimita mbili tatu pembeni, na gurudumu linazunguka kama yai. Ukiweka nati ya mviringo kwenye janti bapa, inakula kingo za tundu na haishiki. Ukiona tundu limekuwa refu kama punje ya mahindi, au mistari ya kutu inayotoka chini ya nati, janti hiyo ilikuwa inacheza. Usiipake rangi. Itupe.

Kwa hiyo siku ya kununua, msimtume mtu sokoni na neno « janti ya matundu kumi » peke yake. Abebe janti ya zamani na nati yake.

Tukubali sasa kwamba nati na janti ni sawa. Mtetemeko wenyewe unaweza kukuambia unatoka wapi, ukiusikiliza. Tairi kubwa ya 10.00-20 inatembea karibu mita 3,3 kila inapozunguka mara moja. Kwa kilomita 60 kwa saa inazunguka mara tano hivi kwa sekunde. Mtetemeko wa gurudumu basi ni wa polepole, dugu-dugu-dugu, karibu unaweza kuuhesabu. Kardani, kile chuma kirefu kinachozunguka chini kwenda nyuma, kinazunguka mara nyingi zaidi. Mtetemeko wake ni mvumo, kama nyuki kwenye mzinga. Ukisikia mvumo, acha tairi za watu.

Ukiusikia kwenye volani, tafuta magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu, tafuta nyuma. Ukija tu wakati wa kukanyaga freni, ngoma za freni hazikuzunguka sawa, na tairi mpya hazina kosa. Kujua kama ni mashine: mahali pa tambarare na pasipo na watu, kanyaga ambrayaji sekunde chache. Mtetemeko ukibaki vilevile, ni magurudumu. Ukipotea, ni kwenye mashine ao ambrayaji yenyewe. Jaribio hili lisifanywe kwenye mteremko hata siku moja.

Kisha inua gurudumu moja moja kwa kriki, ukiwa umeweka magogo chini ya esie. Simika fimbo chini, ncha yake iguse karibu ukingo wa janti, uzungushe gurudumu polepole. Nafasi kati ya ncha na chuma ikifunguka na kujifunga kwa milimita tatu au zaidi, janti imepinda ama haikukaa katikati. Janti ikizunguka vizuri, sogeza fimbo kwenye tairi. Tairi ikipanda na kushuka wakati janti imetulia, angalia ule mstari mwembamba wa mpira unaozunguka karibu na ukingo wa janti. Umbali wake na janti uwe mmoja pande zote. Mahali umezama, tairi haikukaa vizuri. Inatolewa upepo, inapakwa mayi ya sabuni, inajazwa tena.

Hapo tusimame. Janti zenye pete ya chuma ya kutoa na kuweka zimeua mafundi. Upepo wote utoke, vali itolewe kabisa, kabla mtu hajagusa pete. Wakati wa kujaza, zungusha mnyororo imara kwenye gurudumu ao uliweke kwenye kizimba cha chuma, tumia mpira mrefu wa upepo, na mtu asisimame mbele ya pete. Watoto wanaopenda kutazama wafukuzwe.

Mengine ni ya haraka. Osha ndani ya janti: udongo mzito wa huku ukikauka upande mmoja ni kilo nzima ya kuvuruga balansi. Angalia jiwe lililokwama kati ya tairi mbili za nyuma. Tairi hizo mbili ziwe na urefu mmoja na upepo mmoja, maana mpya ikikaa na iliyoisha, mpya inabeba mzigo wote. Kamio iliyolala siku nyingi na mzigo Kasindi itatikisika kilomita za kwanza kwa sababu tairi zimekuwa bapa chini. Hiyo inapita yenyewe zikipata moto. Na soma tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. « Mpya » ya sokoni inaweza kuwa imelala miaka sita kwenye depo.

Baada ya haya yote ndipo mlipe balansi, na mwanze na magurudumu mawili ya mbele, kwa sababu ndiyo yanayochosha volani na kula tairi kwa mabaka. Kama hakuna mashine ya balansi ya kamio karibu, hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, ikiwa janti ni za namna moja. Mtetemeko ukihama kutoka volani kwenda kwenye kiti, gurudumu ndilo lenye kosa, na mnaweza kulirudisha kwa muuzaji mkiwa na ushahidi. Ukibaki kwenye volani, tairi hazina kosa: inua mbele, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, ni rulma ao vyuma vya usukani vimeisha, na tairi mpya ndizo zimeonyesha kile ambacho zile za zamani zilikuwa zinaficha.

Neno moja kwa komite. Shofere anayelipwa kwa safari tu, na kukatwa akichelewa, hatasimama Beni kukaza nati. Andikeni hiyo nusu saa kwenye safari yake. Kwenye daftari la kamio ziwekwe tarehe, kilomita, na jina la aliyekaza. Na piga mstari wa rangi nyeupe kutoka kila nati hadi kwenye janti: konvoyeri akishuka kununua maji, mstari uliokatika atauona bila kushika ufunguo. Ila mstari unaonyesha nati iliyozunguka tu. Ile iliyopoteza mvuto bila kuzunguka inajulikana kwa ufunguo peke yake.