Simba, Mwalimu na Maiti kwa Neno Moja

Hebu tamka neno "kaa". Mama aliye jikoni atafikiri kaa la moto, mvuvi wa pwani atafikiri kaa mwenye magando, na mtoto aliyesimama mlangoni ataketi. Na "paa" je? Moja liko juu ya nyumba, mwingine yuko porini ana miguu minne. Sisi maneno ya namna hii tunayo machache. Wachina wanayo maelfu, na kila siku hawana budi kuelewana kwayo.

Nasema juu ya Kichina cha Beijing, ambacho leo ndicho cha shule na serikali. Silabi zake zote ni 400 hivi tu, na karibu kila silabi ni neno lenye maana. Basi silabi moja hubeba mizigo mingi. Ili kuipunguza, Wachina hubadili sauti, na sauti zao ni nne. Ya kwanza hukaa juu bila kutikisika, kama mwimbaji anayeshika noti moja. Ya pili hupanda, kama mtu anayeuliza, "Nini?" Ya tatu hushuka chini kisha huinuka. Ya nne huanguka ghafula, kama mtu anayefukuza mbwa: "Toka!" Chukua silabi "ma". Kwa sauti ya kwanza ni mama, kwa ya pili ni katani, kwa ya tatu ni farasi, kwa ya nne ni kutukana. Mgeni asiyeangalia sauti yake aweza kumwita mama wa watu farasi, mbele ya wanawe!

Wasomaji mlio Wahaya, Wasukuma, Wakikuyu au Wanyarwanda hamtashangaa sana, kwa kuwa lugha zenu nazo hupanda na kushuka. Anayeshangaa ni yule aliyelelewa kwa Kiswahili peke yake.

Lakini sauti hazitoshi. Hata ukizihesabu, silabi hufika 1,200 au 1,300 hivi, na maneno ni mengi mno kuliko hizo. Tazama "shi" kwa sauti ya kwanza tu: ni mwalimu, ni simba, ni shairi, ni kulowa maji, ni maiti. Kwa sauti ya pili ni kumi, jiwe, wakati, chakula na kweli. Hapo sauti ni ileile kabisa! Zamani haikuwa hivi. Maneno mengi yalifungwa kwa herufi kama p, t na k, nazo katika Kichina cha kaskazini zimeanguka. Watu wa Canton, kusini, bado husema "sap" kwa kumi, "sek" kwa jiwe na "sik" kwa kula.

Je, wa kaskazini huponaje? Huunganisha neno na mwenziwe. Simba huitwa "shizi", mwalimu huitwa "laoshi", na hakuna anayemkimbia mwalimu. Katika maandishi hakuna shida, kwa sababu kila neno lina alama yake ya kuchorwa. Mtaalamu mmoja wa lugha, Zhao Yuanren, aliyefariki mwaka 1982, alitunga hadithi ya mtu mpenda mashairi aliyekula simba, na kila neno ndani yake husomwa "shi". Macho huielewa; sikio halishiki kitu.

Mfanano huu umeingia hata katika desturi. Nne ni "si", na kufa pia ni "si" kwa sauti nyingine; hivyo majumba mengi huruka hesabu ya nne katika ghorofa zake. Samaki ni "yu", na ziada ni "yu", kwa hiyo sikukuu ya mwaka mpya samaki hakosekani mezani. Kumpa mtu saa ya ukutani ni vibaya, maana hutamkwa sawa na kumsindikiza anayekufa.

Sasa fikiri taabu ya wamisionari. Padre Matteo Ricci, Mjesuiti kutoka Italia, alifika Macau mwaka 1582, naye na wenzake walijifunza lugha hii karibu bila kitabu. Mmoja wao, Padre Lazzaro Cattaneo, alikuwa na sikio la muziki. Mwaka 1598 alisaidia kuweka alama za kuonyesha sauti, tano kwa matamshi ya wakati ule. Nadhani mwanakwaya yeyote atafurahi kusikia kwamba muziki ulifungua mlango huo.

Mungu walimwita Tianzhu, yaani Bwana wa Mbinguni. "Zhu" kwa sauti ya tatu ni bwana. Kwa sauti ya kwanza ni nguruwe. Tena "jiao" ni mafundisho, na "jiao" nyingine, yenye sauti ileile, ni kulia kwa mnyama. Maadui wa dini hawakuhitaji zaidi. Katika karne ya 19 walichapa vijitabu na picha wakiandika "mlio wa nguruwe wa mbinguni" badala ya "mafundisho ya Bwana wa Mbinguni", wakamchora nguruwe msalabani. Maandishi hayo yalienezwa sana katika bonde la mto Yangtze, na mwaka 1891 fujo zilizuka huko, makanisa yakachomwa moto.

Wakristo hawakuliacha jina. Hata leo Kanisa Katoliki kwa Kichina ni Tianzhujiao. Alama ya "bwana" ina mistari 5 tu. Ya "nguruwe", kwa mwandiko wa zamani, ina 15. Mchina akiona hukumwelewa neno lake, hunyosha kiganja cha mkono na kukuchorea alama yake kwa kidole.