Mkono wa Pili Katika Picha ya Gharika

Picha ya Gharika ya Gustave Doré hainunuliwi kwa sababu ya uchangamfu wake. Wazazi wanazama huku wakisukuma watoto wao juu ya mwamba wa mwisho, na juu ya mwamba huo chui milia ametangulia, amembeba mtoto wake mdomoni. Hata hivyo wengi huitia fremu na kuitundika sebuleni. Ukiipata kwa muuza picha za kale, kabla ya kuuliza bei, tazama pembe zake mbili za chini. Mara nyingi kushoto utakuta jina la Doré. Kulia kuna jina jingine dogo, ambalo muuzaji hulitaja kwa nadra sana.

Hilo ni jina la mchongaji. Doré, mzaliwa wa Strasbourg mwaka 1832, hakuzichonga mwenyewe picha za Biblia iliyotolewa mwaka 1866 na Alfred Mame katika mji wa Tours, Ufaransa: majalada mawili, picha zaidi ya 200. Alichora juu ya ubao, kisha ubao ukapelekwa kwa mafundi kama Héliodore Pisan.

Kazi yao ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Katika uchapaji wa ubao, kilichoondolewa kwa patasi hubaki cheupe, na kilichoachwa kimeinuka ndicho kinachoshika wino. Wino wenyewe ni mweusi tu, hauna kijivu. Lakini Doré alipenda kutumia brashi. Aliwaachia mafundi ukungu, mawingu na maji, visivyo na mstari hata mmoja wa kufuata. Fundi ilimbidi aamue mwenyewe: hapa mistari isongamane, pale iachane, hapa ikatwe myembamba hadi jicho lidanganyike na kuona mvua. Kwa hiyo anga unalolistaajabia katika Gharika lilibuniwa na Doré, ila kila mstari wake ulitoka katika mkono wa mtu mwingine. Naona ni dhuluma kumsahau.

Ubao wenyewe ulikuwa wa mti mgumu unaokua polepole, uitwao boksi. Ulikatwa kwa kukingama shina, si kwa urefu wake, ili patasi isikwame kwenye nyuzi. Kwa kuwa shina lake ni jembamba, vipande kadhaa viliunganishwa kupata ubao mmoja mkubwa. Chukua lenzi: pengine utaona uzi mweupe ulionyooka ukipita katikati ya mawingu. Hapo ndipo vipande vilipoungana. Picha ya bamba la shaba ni tofauti. Wino wake hukaa ndani ya mifereji, na karatasi hukandamizwa kwa nguvu nyingi hata kingo za bamba zikaacha mbonyeo unaoweza kuupapasa kwa kidole. Na lenzi ikikuonyesha nukta ndogo zilizojipanga badala ya mistari, hiyo ni nakala ya siku hizi iliyopigwa kutoka kwenye fotografia.

Usikubali kuuziwa ukurasa wa Doré kana kwamba ni kitu adimu. Biblia hiyo ilitolewa tena London na Cassell na kusambaa katika nchi nyingi. Kurasa zake ziko sokoni kwa wingi kwa sababu moja inayoniuma: kuna wafanyabiashara wanaopasua majalada mazima, kwa kuwa kurasa mia mbili zikiuzwa moja moja huleta fedha kuliko kitabu kizima. Jalada lililokwisha kuoza na kutawanyika halina lawama. Muulize muuzaji ukurasa wake umetokea wapi, na kama kitabu kilikuwa kizima, mwachie.

Ukiwa umeridhika na kununua, mwambie fundi wa fremu atumie kadi isiyo na tindikali, maana tindikali huigeuza karatasi kuwa ya kahawia. Mwambie pia asiifunike ile pembe ya chini ya kulia.