Kwa Baiskeli Kutoka Tezo Hadi Msitu wa Arabuko-Sokoke: Njia, Kanuni na Haki Zako

Simama alfajiri kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi pale Tezo, utazame baiskeli zinazopita. Utamwona mchuuzi wa samaki na ndoo yake nyuma, fundi mjenzi na mfuko wa vifaa, mwanafunzi aliyembeba mdogo wake, na mzee anayepeleka nazi sokoni Kilifi. Wote hao wanagawana lami moja na matatu, mabasi ya Malindi na malori yanayoshusha chumvi kutoka Gongoni na Marereni. Gari kubwa likipita kwa kasi, mwendesha baiskeli hana budi kuteremka hadi mchangani, na pahali pengine ukingo wa lami ni mrefu kiasi cha kumwangusha.

Makala haya yanaeleza njia nyingine: barabara za murram na za mchanga zinazopita ndani, baina ya mashamba, kando ya maji ya Mida na ndani ya msitu. Njia hizi zimetumiwa na wakaazi kwa miaka mingi. Siku hizi zinatafutwa pia na wageni, kwa kuwa mchezo wa baiskeli katika barabara za changarawe umeenea duniani. Hapa nchini, mwaka wa 2021 yalifanyika mashindano ya kwanza ya Migration Gravel Race katika eneo la Maasai Mara, na Mkenya Suleiman Kangangi alikuwa miongoni mwa waliolitangaza jina la nchi katika mchezo huo hadi alipofariki akiwa mashindanoni Marekani, Agosti 2022. Mgeni anayekuja kuendesha baiskeli hununua maji, madafu, chakula na huduma ya fundi njiani. Lakini faida ya kwanza ya njia hizi ni yako wewe mkaazi: kufika salama.

Njia za ndani: Tezo, Ngerenya, Roka, Matsangoni

Sehemu kubwa ya ardhi baina ya Tezo na Roka iligawanywa kuwa mashamba ya mradi wa makazi. Ardhi ilipopimwa, barabara za kuingilia ziliachwa baina ya ploti. Ndizo hizo zinazopita katikati ya minazi, mikorosho, mahindi na mihogo. Hazina magari mengi, na kwa mwanafunzi au mama anayekwenda zahanati zinafaa kuliko lami.

Barabara hizo ni za umma. Ua ukisogezwa mbele mwaka huu hatua moja na mwaka ujao hatua nyingine, mwishowe hubaki ujia wa mtu mmoja, na gari la wagonjwa halipiti. Tunawaomba wenye mashamba waheshimu mipaka iliyo kwenye ramani. Mpita njia naye asikate shamba la mtu kwa kufupisha safari, na akifika penye boma apunguze mwendo. Kuku, mbuzi na watoto hawana breki.

Kando ya maji ya Mida

Ukipita Matsangoni unakaribia hori la Mida, mkono wa bahari unaoingia bara na kuzungukwa na mikoko. Hori hili limo katika eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Kuna daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko, ambapo mapato ya wageni husaidia karo ya wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu na hori. Kwenye daraja hilo baiskeli haipandi. Iache nje na utembee.

Njia zilizo karibu na mikoko hutegemea maji. Yakipwa, utaona ardhi tambarare inayovutia kupita. Yakijaa, hasa wakati wa bamvua, hapohapo panakuwa bahari. Waulize wavuvi kabla ya kushuka. Tope la mikoko hushika gurudumu, na maji ya chumvi hula cheni. Usikanyage miche ya mikoko iliyopandwa na vikundi vya jamii.

Ndani ya Arabuko-Sokoke

Msitu huu una ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba, na ndio mkubwa zaidi wa aina yake uliosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1943. Ndani yake huishi isanje, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye makao yake makuu duniani ni msitu huu.

Kwa mwendesha baiskeli, jambo la kujua ni udongo. Upande wa mashariki, ulio karibu na barabara kuu, mvua ni nyingi zaidi na miti imechanganyika. Katikati kuna ukanda wa mchanga mweupe wenye mirihi. Wakati wa kiangazi mchanga huo huwa mzito, na mara nyingi utashuka na kusukuma. Magharibi, ambako mvua hupungua, udongo ni mwekundu: ukiwa mkavu hupitika vizuri, ukilowa hunata kwenye tairi na kuteleza.

Kanuni za kuingia msituni ni hizi:

1. Pitia kwenye kituo. Kituo cha Gede kiko kando ya barabara kuu, kabla ya kufika njia panda ya Watamu ukitokea Kilifi. Eleza unakoelekea, lipa kiingilio na uulize ni njia zipi zimefunguliwa siku hiyo kwa baiskeli.

2. Usiingie peke yako. Msitu una ndovu. Fuatana na mwongozaji au askari wa msitu. Mkiona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa sasa hivi, simameni na mrudi mlikotoka. Ndovu hapigiwi kengele wala kelele, na katika mchanga baiskeli haimshindi mbio.

3. Usiguse ua wa umeme wala usipite penye mwanya. Ua huo umewekwa ili ndovu wasifike mashambani. Anayeukata kwa kutafuta njia ya mkato huhatarisha mahindi ya jirani na maisha yake.

4. Uwe tayari kusimamishwa. Baiskeli ndiyo hutumiwa pia kubebea makaa na magogo yaliyokatwa kinyume cha sheria, hivyo askari ana sababu ya kuuliza. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inairuhusu jamii kushiriki katika usimamizi kupitia vyama vya jamii vya misitu. Anayetaka kuni kavu au kuweka mizinga afuate utaratibu kupitia chama chake.

Mbali na msitu huu, ziko kaya za Wamijikenda. Baadhi yake, ikiwemo Kaya Kauma, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka wa 2008. Kaya si njia ya baiskeli. Haiingiwi bila idhini ya wazee.

Matayarisho

Tazama upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi hukusukuma ukielekea Gede, na jioni hukupiga usoni ukirudi Tezo; weka akiba ya nguvu na ya maji. Kaskazi ikivuma, mambo hugeuka. Wakati wa mvua za masika, njia nyingi za ndani hukatika kwa madimbwi. Usivuke maji yanayotembea ambayo huoni chini yake.

Kagua breki zote mbili, tairi na cheni. Beba pampu, viraka na spana. Kwenye mchanga, punguza upepo kidogo katika tairi. Ukirudi kwenye lami, jaza tena. Ondoka mapema, rudi kabla ya magharibi. Ikibidi kutembea usiku, uwe na taa mbele, kiakisi mwanga chekundu nyuma na nguo nyeupe. Kukitokea ajali, piga 999 au 112.

Nani hutengeneza barabara gani?

Malalamiko mengi hupotea kwa kupelekwa mlango usio wake. Barabara kuu ya Mombasa–Malindi, pamoja na kingo zake, iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu nchini, KeNHA. Njia za ndani ya msitu ziko chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Huna uhakika? Anza kwa msimamizi wa wadi yako.

Kwa barabara za kaunti, maombi hupata nguvu yakitolewa kwa wakati. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo wananchi huitwa vikaoni kutoa maoni. Mara nyingi hapo husikika maombi ya magari: lami, kituo, daraja. Mwenye baiskeli naye aseme. Taja jina la barabara, inapoanzia na inapoishia, shule au zahanati inayotegemea, na pahali panapokatika wakati wa mvua. Maneno hayo yanaweza kupimwa na kuandikiwa gharama. "Barabara zetu ni mbaya" hayawezi.