Bunduki ya mezani: Mchezo wa Marekani unaosaka warithi

Na Mwandishi Wetu

KWA msomaji wa Maziwa Makuu, hasa yule aliyewahi kufungasha virago usiku na kuvuka mpaka na mtoto mgongoni, bunduki si kitu cha kuchezea. Serikali za ukanda huu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kudhibiti silaha ndogo ndogo, na picha za bunduki zikiteketezwa kwa moto si ngeni magazetini. Kwa hiyo huenda ikamshangaza kusikia kwamba huko Marekani wapo wazee wanaohangaika kutafuta vijana wa kuwarithisha mchezo wa bunduki, na vijana wenyewe hawaji.

Marekani haina uhaba wa bunduki, hilo kila mtu analijua. Kinachokosekana ni watu wa kukaa mezani.

Mchezo wenyewe huitwa benchresti, yaani kulenga shabaha bunduki ikiwa imepumzishwa juu ya meza. Hakuna kukimbia, hakuna kulala kifudifudi, wala hakuna mnyama au sanamu ya mtu. Mshindani huketi kwenye kigoda nyuma ya meza nzito ya zege. Sehemu ya mbele ya bunduki hulala juu ya kimto cha mchanga kilichoshikwa na stendi ya chuma, na kitako hukaa kwenye mfuko mwingine wa mchanga. Karatasi ya shabaha iko yadi 100 mbele, ambazo ni kama mita 91, au yadi 200. Hupewa dakika saba kupiga risasi tano za kuhesabiwa. Karibu na shabaha hiyo ipo nyingine ya kujaribia, ambayo anaweza kuipiga kadiri apendavyo ili ausome upepo.

Mgeni huchanganyikiwa akiambiwa kwamba katika mtindo huu kupiga katikati hakuna pointi. Kinachopimwa ni jinsi matundu matano yalivyokaribiana. Waamuzi huchukua matundu mawili yaliyo mbali zaidi na kupima kutoka kitovu hadi kitovu, na mwenye kipimo kidogo ndiye mshindi. Zoezi hurudiwa mara tano kwa kila umbali, kisha wastani huchukuliwa, hivyo aliyebahatisha mara moja hafiki mbali.

Vipimo hivyo ni vidogo kiasi cha kutia shaka. Mwaka 1973 Mac McMillan alipiga risasi tano kwa yadi 100 na kupata inchi 0.009, ambayo ni chini ya robo ya milimita. Rekodi hiyo ilidumu miaka 40. Mwaka 2013 Mike Stinnett aliivunja kwa inchi 0.0077, karibu moja ya tano ya milimita. Ukiitazama karatasi ya namna hiyo unaona tundu moja tu, na ungeapa kwamba risasi nne zimepotelea porini. Waandaaji walishalifikiria hilo zamani. Nyuma ya shabaha huwekwa karatasi nyingine inayosogea polepole, ili kila risasi iache alama yake na ubishi uishe.

Baruti kwa kopo

Asili ya benchresti ni watu waliotaka kujua bunduki inaweza kufika wapi ikiwa mkono wa binadamu utaondolewa lawama. Chama chao cha kitaifa, NBRSA, kilianzishwa mwaka 1951, mwaka mmoja baada ya kampuni ya Remington kutoa risasi ya .222 iliyobuniwa na mhandisi wake Mike Walker, ambaye mwenyewe alikuwa mshindani. Chama kingine, IBS, kilizaliwa mwaka 1970. Katika muongo huo daktari mpasuaji Louis Palmisano na fundi Ferris Pindell walilichukua ganda la Kirusi la .220 wakalitengeneza upya, na risasi yao ya 6 PPC ikatawala mchezo huu. Watu wa namna hii ndio waliosaidia kuvitoa vitako vya bunduki kwenye mbao na kuviingiza kwenye nyuzi za kioo. Walt Berger, ambaye jina lake liko kwenye maboksi ya risasi madukani, alianza kwa kutengeneza risasi za kushindania mezani.

Jambo moja litawafurahisha wauza nafaka. Mshindani wa yadi 100 hujaza risasi zake palepale uwanjani kati ya zamu moja na nyingine, akitumia tena maganda yaleyale machache. Ungedhani kila chembe ya baruti hupitia mzani. Wengi wao hawapimi kwa mzani hata kidogo. Hutumia kifaa cha kumwaga baruti kwa ujazo, sawa na mama wa sokoni anavyopima maharage kwa kopo, na kwa umbali huo inatosha. Wale wa yadi 1,000 ndio wasiothubutu kuuacha mzani.

Kazi kubwa iko kwenye upepo. Kati ya meza na shabaha husimikwa vibendera vyenye mkia na pangaboi dogo. Mshindani huvitazama vyote kwa pamoja, akisubiri vikae kama vilivyokaa alipopiga risasi iliyotangulia. Akikosea kwa nukta moja, tundu moja hukimbia upande na siku imeharibika. Hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha mtu hilo bila yeye kuketi pale. Hata Tony Boyer, bingwa aliyezoa mataji mengi kuliko wenzake wa Marekani, alipochapisha kitabu chake mwaka 2010 na kufungua siri nyingi, msomaji bado alilazimika kwenda uwanjani.

Kwa nini hawaji

Sababu ya kwanza ni mtaji. Bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo huu hugharimu dola elfu kadhaa, na hapo bado hujanunua darubini inayokuza mara 36 au zaidi, stendi, mifuko, vibendera na vifaa vya kujazia risasi. Mtutu nao huchoka. Baada ya risasi kama elfu moja, huenda ukaanza kupoteza ule ubora wa mashindano ingawa kwa mwindaji bado ni mzuri sana. Kisha ulikuja uhaba wa mwaka 2020 hadi 2022, wakati wa korona, ambapo fataki za risasi ziliadimika na bei ikapaa. Mfanyabiashara wa mpakani haitaji kuelezwa zaidi. Anajua hali inavyokuwa geti likifungwa wiki mbili.

Sababu ya pili ni kwamba mchezo huu hautazamiki. Mtazamaji huona migongo ya watu walioinama na kusikia mlio. Matokeo hayaonekani kwa macho hadi karatasi ikusanywe na kupimwa. Mwaka 2012 ulianzishwa mfululizo wa mashindano wa PRS, ambapo washindani hupanda vizuizi, hupiga shabaha za chuma zinazolia na hukimbizana na saa. Vijana wengi wanaopenda usahihi walielekea huko. Mwaka huohuo jarida la Precision Shooting, lililokuwa likisomwa sana na watu wa mezani, lilifungwa.

Ya tatu inasemwa kwa sauti ndogo. Mgeni anapofika uwanjani na bunduki yake ya dukani na kushindanishwa na mtu mwenye uzoefu wa miaka 30, anashika mkia. Anafungasha na harudi, na hakuna tangazo linaloweza kumrudisha.

Vilabu vinavyojitahidi vimelielewa hilo. Vingine huweka daraja la bunduki za kiwandani, ili mgeni ashindane na wageni wenzake. Vingine hutumia mtindo wa pointi, ambapo risasi moja hupigwa katika kila duara na mtoto wa shule anaweza kuelewa nani ameshinda. Benchresti ya .22 kwa yadi 50 nayo imekuwa mlango mzuri, maana risasi hununuliwa zikiwa tayari na hakuna kujaza. Mkanada George Farquharson alibuni mtindo mwingine wa jirani, F-Class, macho yalipomsaliti uzeeni. Humo lipo daraja la bunduki za .223 na .308 zenye miguu miwili, zisizozidi kilo 8.25. Mtindo huo umefika hata Afrika Kusini.

Lakini kwa maoni ya mwandishi huyu, hayo yote ni milango tu. Kinachomfanya mtu abaki ni mkopo. Mzee humwazima mgeni bunduki yake ya pili, humpa meza iliyo jirani na yake, na humwonyesha ni kibendera kipi cha kuamini na kipi ni mwongo. Kwenye mashindano makubwa ya Super Shoot huko North Lawrence, Ohio, jimbo ambalo baadhi ya ndugu zetu walihamishiwa kama wakimbizi, kwa miongo kadhaa watu wamekaa bega kwa bega wakijaza risasi na kusikilizana. Anayejifunza hapo siku tatu huondoka na mengi kuliko aliyejifungia nyumbani mwaka mzima.

Na hapo linaingia soko ambalo msomaji wetu analifahamu vizuri, la mitumba. Wazee wanapostaafu, bunduki zao huuzwa kwa bei ya chini kuliko mpya. Mwili wa chuma unaoshika risasi hudumu miaka mingi sana, wakati mtutu hufunguliwa na kubadilishwa kama tairi la lori. Mnunuzi mwerevu haanzi kwa kuuliza rangi wala jina la fundi. Huuliza ni risasi ngapi zimepita kwenye mtutu ule, kama sisi tunavyouliza gari la Japani limetembea kilomita ngapi. Muuzaji mwaminifu humtolea daftari aliloziandika, risasi moja baada ya nyingine, na mara nyingi huongezea boksi la maganda na vibendera vyake vya zamani bila kudai senti.