Uchaguzi wa Prezida katika Leta ya Chama Kimoja

Kila mara uchaguzi unapokaribia, makatekista wa Kimanga na wa vijiji vya kando ya ziwa hutuletea ulizo moja. Wazee huwaambia vijana: «Wakati wa Mobutu sisi wote tulipiga kura, na hakukuwa na ugomvi.» Vijana hujibu: «Ile haikuwa kura.» Nani anasema kweli?

Ulizo hili si la wanasiasa peke yao. Mtu anayetia karatasi katika sanduku anatoa neno lake mbele ya jirani zake na mbele ya Mungu. Kama neno lile si lake, basi ni la nani? Kwa hiyo tumeona vema kulieleza kwa utaratibu. Hatutaki kutukana marehemu, wala kusifu chama chochote cha leo.

I. Kura inahitaji vitu vine

Kwanza, mpiga kura: raia anayejulikana kuwa raia, aliyeandikwa katika kitabu. Pili, njia mbili kwa uchache: majina mawili, au «ndiyo» na «hapana» zenye uzito sawa. Tatu, siri: mtu achague peke yake, bila jicho la mkubwa juu ya mkono wake. Nne, hesabu ya kweli mbele ya mashahidi.

Meza ya miguu minne ikikatwa mguu mmoja husimama kwa shida. Ikikatwa miwili huanguka, hata ikifunikwa kitambaa kizuri. Tutaona sasa miguu gani ilikatwa katika nchi yetu.

II. Kutoka 1960 hadi 1970

Mwezi wa Mei 1960, kabla ya uhuru, Wakongo walichagua wadepite wao. Wanaume tu ndio waliopiga kura. Prezida wa kwanza, Joseph Kasavubu, alichaguliwa na watunga sheria, si na raia wenyewe. Tarehe 24 Novemba 1965, Jenerali Mobutu alimwondoa na kushika Leta.

Mwaka 1967 mambo mawili yalitokea pamoja. Tarehe 20 Mei chama cha MPR kilitangazwa. Mwezi uliofuata katiba mpya ilikubaliwa kwa kura ya raia. Katiba ile ilitoa haki ya kura kwa wanawake, nalo ni jambo la haki. Ilisema pia kwamba vyama vya siasa visipite viwili. Lakini chama cha pili hakikuachiwa nafasi kamwe.

Ndipo ulipofika uchaguzi wa Prezida wa mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1970. Ulikuwa wa kwanza ambao raia wote waliitwa kumchagua Prezida, na wa kwanza kwa mama zetu. Mpaka siku ile mama alikuwa hana kura. Alipopewa kura, alikuta jina moja tu.

Wapiga kura walionyeshwa karte mbili. Ya kijani ilikuwa ya matumaini, nyekundu ilikuwa ya machafuko. Tafakarini kidogo, ninyi mnaosoma falsafa. Hakuna aliyeulizwa: «Je, unamtaka mtu huyu?» Aliulizwa: «Je, unataka matumaini au machafuko?» Ulizo la namna hii limekwisha jibiwa kabla ya kutoka kinywani. Tena rangi huonekana kwa mbali. Mtu aliyeshika karte nyekundu alionwa na wote waliokuwa hapo.

Leta ilitangaza hesabu: kura za «ndiyo» zaidi ya 10.131.000, kura za «hapana» 157. Katika nchi nzima, kutoka Bahari ya Atlantiki hadi Ziwa Tanganyika, watu 157! Ni wachache kuliko Wakristu wanaojaa kapela moja ya mtaa siku ya Dominika. Mwezi wa Desemba 1970 katiba iligeuzwa, MPR ikawa chama cha pekee. Baadaye kila raia alihesabiwa kuwa memba wa chama tangu kuzaliwa, hata mtoto aliye mgongoni.

III. Sababu gani watu walikubali?

Si haki kusema kwamba baba zetu walikuwa wajinga. Kando ya ziwa letu neno «machafuko» halikuwa neno la kitabuni. Mwezi wa Mei 1964 Uvira iliingia mikononi mwa waasi. Tarehe 28 Novemba mwaka ule, huko Baraka na Fizi, waliuawa wamisionari watatu Wasaveri, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na Padri Albert Joubert. Eklezya iliwatangaza wenyeheri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Watu wengi wasio na jina katika vitabu walikufa vilevile, wengine walivuka ziwa au walikimbilia milimani.

Kwa hiyo mwaka 1970, miaka sita tu baadaye, mtu wa Uvira alipoonyeshwa rangi nyekundu aliweza kukumbuka damu aliyoiona kwa macho yake. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Kosa ni la yule aliyechukua hofu ile akaifanya karte ya kura. Amani ni tunda la haki, na njaa ya amani isitumiwe kumnyang'anya mtu sauti yake.

IV. Uchaguzi wa 1984: miguu miwili imekatwa

Mwaka 1975 hata karte hazikutumika kwa kuchagua wadepite: watu walikusanywa, majina yakasomwa, wakapiga makofi. Mwaka 1977 Mobutu alikuwa tena peke yake, akatangaziwa kura 98 katika 100. Mwezi wa Julai 1984 alisimama peke yake mara nyingine, akapata zaidi ya 99 katika 100.

Lakini kati ya 1977 na 1984 jambo jipya lilikuwa limeingia, na lilituhusu sana sisi watu wa Kivu. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 ilikuwa imewapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria nyingine, ya tarehe 29 Juni 1981, iliifuta ile ya kwanza. Tangu hapo mtu alipaswa kuonyesha kwamba mababu zake walikuwa wa kabila lililokuwa katika nchi tarehe 1 Agosti 1885. Nani katika nyumba zetu ana karatasi ya mwaka 1885? Watu wengi waliolala raia waliamka wageni. Wengine walikuwa wamezaliwa hapa, wamelipa kodi hapa, wamezika wazazi wao hapa.

Sheria ile haikutumiwa kwa namna moja kila mahali. Wengi waliendelea kuitwa kwenye sanduku, maana Leta ilipenda hesabu kubwa, lakini mlango wa kuchaguliwa ulifungwa kwao. Katika uchaguzi wa wadepite wa 1987, Banyamulenge wa milima yetu waliruhusiwa kupiga kura lakini hawakuruhusiwa kuchaguliwa. Wengine wao walivunja masanduku ya kura kwa hasira.

Hatuandiki haya kwa kuhukumu kabila lolote. Tunajua hofu ya Bavira, Bafuliiru na Babembe juu ya mashamba na usultani, na hofu ile ina historia yake. Tunajua pia machozi ya Banyamulenge. Tunasema jambo moja tu: mwaka 1984 miguu miwili ya meza ilikuwa imekatwa kwa pamoja. Hapakuwa na njia ya pili ya kuchagua, na mpiga kura mwenyewe hakuwa na hakika kama kesho atakuwa raia. Aliyesema «ndiyo» kwa sauti kubwa aliweza kufikiri kwamba analinda uraia wake. Hivyo kura, iliyowekwa kumlinda raia mbele ya Leta, iligeuka kuwa mtihani wa Leta juu ya raia.

V. Si kwetu peke yetu

Msomaji asifikiri kwamba Waafrika tu ndio waliopata ugonjwa huu. Tutazame kwanza jirani. Mwezi wa Agosti 1984, ng'ambo ya Ruzizi, Kanali Bagaza wa Burundi alisimama peke yake akatangaziwa zaidi ya 99 katika 100. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania nayo ilikuwa na jina moja la Prezida tangu 1965. Lakini raia walipewa kusema «ndiyo» au «hapana», na kwa kuchagua mdepite chama kiliweka watu wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Njia ya pili ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwapo. Ndiyo maana hata wakubwa wa Leta waliweza kuanguka katika kura ile.

Sasa twende mbali zaidi, Marekani ya Kusini. Katika jimbo la South Carolina, mwaka 1900, watu weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wenyeji. Lakini katiba ya jimbo ya 1895 ilidai kwamba mpiga kura ajue kusoma au awe na mali, tena alipe kodi ya kichwa. Aliyemhukumu msomaji alikuwa mzungu, na mtu mweusi alikuta kila mara amesoma vibaya. Basi kilibaki chama kimoja chenye nguvu, chama cha Demokrate. Siri ya kura nayo haikuwekwa huko mpaka mwaka 1950. Katika uchaguzi wa Prezida wa 1932, Roosevelt alipata South Carolina kura 98 katika 100, sawa na Mobutu katika mwaka 1977. Lakini waliopiga kura walikuwa 104.000 tu hivi, katika jimbo lenye watu zaidi ya 1.700.000.

Hapa tunaona fundisho. South Carolina ilikuwa na majina mawili lakini iliwafukuza wapiga kura. Kongo iliwaita wapiga kura wote lakini ilifukuza jina la pili. Njia mbili zilifika kwenye hesabu ileile. Kwa hiyo mkisikia «98 katika 100», msiulize kwanza nani ameshinda. Ulizeni nani hakuandikwa, na jina gani halikuwekwa.

VI. Eklezya ilikuwa wapi?

Tuseme ukweli. Wakatoliki wengi walimpokea Mobutu kwa furaha mwaka 1965, maana walichoka na vita. Lakini chama kinachotaka kuwa kila kitu hakiwezi kuvumilia altare nje ya mikono yake. Mwaka 1972 majina ya Kikristu yalikatazwa. Kardinali Malula alifukuzwa katika nyumba yake, akakaa Roma miezi kadhaa. Leta ilidai pia kwamba tawi la vijana wa chama, JMPR, liwekwe ndani ya seminari. Maaskofu walikataa, kisha ikawapasa kutafuta mapatano. Ninyi waseminari mkumbuke jambo hili: aliyeondoa njia ya pili sandukuni alifika upesi mlangoni pa seminari.

Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya 1963, alifundisha kwamba kushiriki katika mambo ya nchi ni haki ya mtu kwa sababu ni mtu. Mtaguso wa pili wa Vatikani, mwaka 1965, ulikumbusha raia haki na kazi yao ya kutumia kura huru.

VII. Majibu kwa makatekista

Ulizo: Je, aliyechukua karte ya kijani kwa hofu alitenda dhambi?
Jibu: Hofu kubwa hupunguza uhuru, na uhuru ukipungua lawama hupungua. Tusiwahukumu wazee wetu. Lakini aliyetisha wenzake, au aliyeandika hesabu ya uwongo, alivunja amri ya nane, naye ana deni la kurudisha ukweli.

Ulizo: Je, Leta haiwezi kusema nani ni raia?
Jibu: Inaweza, na ni kazi yake. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 imehesabu makabila yaliyokuwa katika nchi siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Lakini kumnyang'anya mtu uraia aliokwisha pewa, kwa sababu ya damu yake tu, bila kosa wala hukumu, si haki.

Ulizo: Kama jirani ameondolewa katika kitabu cha wapiga kura, mimi niliyeandikwa nifanye nini?
Jibu: Usiseme «si shauri langu». Aliyekata mguu mmoja wa meza ana msumeno bado mkononi. Umsindikize jirani yako kwenye ofisi ya kuandikisha, umshuhudie unachokijua.

Ulizo: Je, katekista awaambie Wakristu wamchague fulani?
Jibu: Hapana. Awafundishe kuchagua kwa dhamiri, kutouza kura, kutunza siri. Kisha, akiitwa, akubali kukaa karibu na sanduku kama shahidi. Tarehe 30 Desemba 2018 maaskofu wetu walituma mashahidi karibu 40.000 nchini pote. Hesabu ya Leta ilipotangazwa, maaskofu waliweza kusema kwamba haikulingana na yale waliyoyaona wale mashahidi. Mwaka 1970 hakuna aliyeweza kusema neno kama hilo.

Basi turudi kwa wazee na vijana wa Kimanga. Wazee wanasema kweli: walikwenda, walisimama mstari, walishika karte. Vijana nao wanasema kweli: ile haikuwa kura. Ugomvi haukuonekana kwa sababu ulinyamazishwa, na wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ule tumeusikia katika Kivu yetu, na masikio yetu yanauma mpaka leo. Mtoto anayejifunza katekisimu katika kapela zetu atapiga kura siku moja. Tumfundishe tangu sasa kwamba «ndiyo» yake iwe ndiyo, na «hapana» yake iwe hapana, na kwamba jirani wa kabila lingine ana haki ya maneno yote mawili kama yeye.