Ndege ni ya 00:30 Jumanne? Toka Mowlem Jumatatu!

Umepata tiketi ya New York na ploti nzima imeshajua. Hongera! Sasa isome vizuri kabla haijakuponyoka.

Ikiandikwa 00:30 Jumanne, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumanne. Yaani Jumatatu jioni uwe njiani na mabegi. Ukingoja Jumanne usiku, ndege itakuwa ilishatua zamani, na pesa za harambee zimeenda nayo.

Pili, saa ya kutua huandikwa kwa saa za mji unakoenda. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane msimu wa baridi, saba wakati wa joto. Kwa hivyo ukipaa 00:30 wakati wa baridi, unatua kama 07:30. Usidhani ni safari ya saa saba! Ndege ya moja kwa moja, iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda, karibu kilomita 11,800. Kurudi ni kama saa 14, maana upepo wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma.

Tiketi ya kuunganisha ni rahisi zaidi? Jumlisha pia saa za kungojea ndege ya pili, na uulize kama utahitaji visa ya kupitia nchi hiyo.

Mwisho, JKIA si mbali na Mowlem, lakini Outering ikifunga, hakuna rubani atakungoja. Fika saa tatu kabla ya ndege kupaa.